Chenga za Marumaru

Nikiulizwa nilifanya nini kwenye ile sanamu ya Naguru, hujibu kwamba nilimsugua magoti. Watu hucheka, lakini ndio ukweli. Mchongaji alikuwa bosi wangu. Mimi kazi yangu ilikuwa msasa na maji, kuanzia kisigino hadi kola ya shati, na magoti yalinichukua siku nyingi kuliko kitu kingine chochote kwa sababu suruali ya jiwe ina mikunjo, na msasa haupendi mikunjo. Uso sikuruhusiwa kuugusa. Kamati iliyoagiza sanamu ilisema uso uking'aa sana utafanana na jiwe la kaburi. Karakana yetu ilikuwa ya mawe ya makaburi, kwa hiyo sikuweza kuwalaumu.

Karakana iko Kansanga, nyuma ya maduka ya barabara ya Ggaba, mahali ambapo baa hufungulia muziki kabla ya saa sita mchana. Bosi ni Mkenya wa Kisii. Kwao watoto hujifunza kuchonga yale mawe laini wakiwa wadogo, na wakikua wanawauzia watalii tembo na sahani. Yeye alichoka na tembo, akaja Kampala kuchonga malaika wa makaburini na kukata meza za jikoni. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa mtu mzima aliyesimama. Jiwe lilitoka Karamoja kwa lori, marumaru nyeupe yenye mshipa wa kijivu uliolipita kutoka pembe ya juu hadi chini. Kamati haikuupenda ule mshipa. Bosi akawaambia utaangukia begani, utaonekana kama mkanda wa bunduki, wakaridhika. Alikuwa anabahatisha, aliniambia baadaye, lakini ukaangukia begani kweli.

Niseme mapema kwamba mimi wapiganaji siwapendi. Natoka Bukavu. Kwetu kila mwenye bunduki ni mkombozi, na kila mkombozi akifika anauliza mbuzi wako wapi. Nilipoambiwa tunamchonga kijana aliyeacha shule, akaingia msituni kupigana na serikali ya wakati ule, akafia huko kabla wenzake hawajashinda vita, sikusisimka. Picha yake ilikuwa moja tu, ndogo, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa. Nikaitazama, nikasema haya, huyu naye, nikaloweka msasa wangu.

Mama yake aliletwa na kamati mwezi wa pili wa kazi ili aukague uso. Baada ya hapo akawa anakuja mwenyewe, bila kuletwa. Alikuwa bibi mfupi, mkazi wa Luzira kwa bintiye, gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, imefungwa sawasawa hata siku za mvua. Tulimwita Jjajja, kama bibi yeyote wa umri ule anavyoitwa mjini hapa. Marehemu mumewe alikuwa polisi na familia iliishi miaka mingi kwenye nyumba za polisi Naguru. Ndiyo maana sanamu ilipangiwa Naguru, na ndiyo maana bibi alijua Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambini kisichojali ngeli, na r zake nyingi zilitoka zikiwa l. Yule kijana alikulia katika nyumba ya serikali, akaenda kuipiga vita serikali iliyomlisha. Baba akafukuzwa kazi kwa ajili hiyo, na mpaka anakufa hakulitaja tena jina la mwanawe. Hayo Jjajja alitusimulia bila kulalamika, ameketi kwenye benchi letu, anakunywa chai yetu.

"Sikio yake ilikuwa kubwa kuliko hii," alimwambia bosi siku moja. "Usione haya. Fanya kubwa."

"Mama, nikiyatoa nje zaidi yatavunjika kwa lori."

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Basi wacha."

Polepole nikajua habari iliyobaki. Mwili wa kijana haukuonekana kamwe. Mwenzake mmoja alirudi akasema alimwona akianguka wakivuka mto. Mwingine akasema alimwona baada ya hapo, tena akicheka. Jjajja akashika neno la huyo wa pili. Wazee wa ukoo walimwendea wakitaka wazike kigogo cha mgomba badala ya mtu, kama wanavyofanya mwili ukikosekana, kisha wafanye matanga ya mwisho na mambo ya familia yaendelee. Akawafukuza. Wakarudi baada ya miaka kumi, akawafukuza tena.

"Mimi niliwaambia, mugomba mimi sikuzaa," alisema, na bosi akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

Mimi sikucheka sana. Moyoni nilimwona mbishi. Zaidi ya miaka arobaini! Watoto wake wengine wamezeeka, mumewe amelala peke yake kule kijijini, na yeye bado anangoja mlango ubishwe. Nilidhani mtu mwenye akili zake angelia mara moja, akamaliza, akapumzika.

Siku hiyohiyo akanigeukia. "Na wewe, bwana yako wapi?"

"Alibaki."

"Alibaki wapi?"

"Congo."

"Atakuja?"

Nikasema msasa umeniishia, nikaenda stoo. Mume wangu alishushwa kwenye lori na watu wenye bunduki, safarini kuja kunichukua kwa mama yangu, na wakati huo ilikuwa inatimia miaka tisa. Lori lilifika, yeye hakufika. Fomu za wakimbizi huuliza kama umeolewa au ni mjane, na mimi huandika nimeolewa. Sikuona hilo linamhusu vipi bibi wa Luzira.

Kichwa na mabega vilipokwisha kutoka vizuri, Jjajja alikuja akaketi. Siku hiyo hakumtazama mwanawe. Alitazama chini, kwenye chenga zilizoruka kutoka kwenye tindo ya bosi.

"Hii mawe nyinyi natoa kwa yeye, natupa wapi?"

Nikamweleza desturi ya karakana yetu. Chenga ni za mpiga msasa. Bosi anachukua sifa, mimi nachukua kinachoanguka, nakitia kwenye magunia, na mafundi wa terazo wananijia kwa sababu sakafu yao bila chenga za marumaru ni saruji tu.

"Ya huyu usipe mutu," akasema. "Mimi nataka zika."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaeleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Serikali ikitengenezea mutu sanamu, imekubali amekufa. Basi mimi pia nimekubali. Nimechoka. Lakini hii sanamu si yangu. Itasimama Naguru, ndege itakaa kwa kichwa yake. Mimi nataka kitu ya kuweka chini, kwa kabuli, kalibu na baba yake, mbele mimi sijakufa. Mugomba hapana. Nataka hii yenye imetoka kwa yeye."

"Kale, Jjajja," nikasema. "Nitakuwekea."

Na nikaweka. Magunia mawili, nikayafunga kwa kamba ya bluu, nikayasukuma kwenye kona nyuma ya mashine ya kukatia. Hapo sina la kujilaumu.

La kujilaumu ni la kanisani. Sisi Wakongomani tuna kanisa letu hapohapo Kansanga, ukumbi ulio chini ya mteremko, na sakafu yake ilikuwa ya saruji iliyochakaa. Tukimchezea Bwana, vumbi lilipanda mpaka mchungaji akakohoa katikati ya sala. Nilikuwa nimetoa ahadi mbele ya watu wote kwamba chenga za terazo zitatoka kwangu. Nilikusanya karibu mwaka mzima, za makaburi ya watu, za meza za jikoni, hata za kijani kutoka ngazi za hoteli moja. Jumamosi ya kumwaga sakafu vijana walichanganya saruji tangu asubuhi, na ilipofika alasiri chenga zikaisha, upande wa dirishani bado. Saruji iliyokwisha kuchanganywa haingoji. Wakanitazama mimi.

Nikapanda mteremko mbio hadi karakana. Nikayaona yale magunia mawili yenye kamba ya bluu. Nikajiambia jiwe bado lipo, Jumatatu litatoa nyingine, nitamwekea Jjajja hizo. Nikaita bodaboda, na kabla ya jua kuzama mtoto wake alikuwa ndani ya sakafu yetu, kuanzia safu ya tatu hadi dirishani, tena akapendeza kuliko chenga zote.

Jumatatu bosi aliizunguka sanamu mara tatu. Akapuliza vumbi kwenye sikio, akaweka tindo chini. "Imetosha," akasema. "Sasa ni yako."

Nilisimama na ndoo yangu ya maji nikaelewa nilichofanya. Tindo ndiyo inayotoa chenga. Msasa unatoa tope tu, jeupe, jembamba, linalokwenda mferejini. Nilikuwa nimekaa na jiwe lile miezi, nikilijua kila mkunjo, na sikuona kwamba limekwisha. Mpiga msasa yeyote angeona. Mimi Jumamosi ile nilikuwa na haraka ya kusifiwa kanisani.

Sikumwambia mtu. Nilisugua. Jjajja akija nilimtilia chai sukari nyingi kuliko kawaida, nikawa natumaini atasahau, jambo la kipumbavu kutumaini kwa mwanamke yule. Sanamu ikapelekwa Naguru kwa kreni, ikasimamishwa kwenye bustani ndogo. Siku ya kuifunua kulikuwa na bendi na mahema na hotuba zilizosahau kuisha. Wote waliozungumza walimjua shujaa, kwa maneno yao, na hakuna aliyetaja masikio. Jjajja aliketi mbele, mikono mapajani. Watu walipotawanyika akanitafuta nyuma ya mahema.

"Juma ya kesho nakuja chukua," akasema. "Nimeita ukoo. Wamekubali wote."

Nilimweleza bosi usiku uliotangulia siku hiyo ya kuchukua, maana sikuwa na mwingine wa kumweleza. Hakushtuka. "Jiwe ni jiwe," akasema. "Mpatie hizi za ile meza ya jikoni, si ni nyeupe? Atajuaje? Wewe mpatie azike, roho yake itulie." Nikaona ana akili. Nikajaza gunia, nikalifunga kwa kamba ileile ya bluu.

Jjajja alifika na bintiye, amebeba kitambaa kikubwa cha gome la mti, lubugo, kile ambacho watu wa hapa hufungia maiti. Akakitandaza juu ya benchi. Akaniomba nimimine. Nikamimina. Akaanza kuzitenganisha zile chenga kwa kidole, moja moja, kama anayechambua maharage, na mimi nikajishughulisha na bomba la maji.

"Mushipa yake iko wapi?" akauliza.

Nikalifungua bomba zaidi.

"Ile ya kijivu. Ya bega." Akasukuma chenga upande mmoja, akazirudisha. Kisha akaniangalia. "Hii ni nani?"

Nikasema ukweli wote, wa kanisa, wa Jumamosi, wa meza ya jikoni. Bintiye alipiga kelele kwa Kiganda, maneno mengi, na sikuhitaji kutafsiriwa. Jjajja alizirudisha zile chenga guniani, konzi kwa konzi, huku baa ya jirani wakijaribu spika zao.

"Watu nakanyaga yeye?"

"Jumapili na Jumatano," nikajibu. Ndilo jibu lililonijia. Niliona aibu, na ninapoandika haya bado ipo.

Akakikunja kitambaa chake. "Nipeleke," akasema.

Tulishuka mteremko polepole kwa sababu ya miguu yake. Mlangoni mwa kanisa akavua viatu, ambavyo sisi wenyewe hatuvui. Nikamwonyesha sehemu ya dirishani. Akainama, akapitisha kiganja sakafuni, na haikumchukua muda. "Iko hapa," akasema, kisha mbele kidogo, "na hapa." Chenga zenye mshipa wa kijivu zilikuwa zimetapakaa, zimesagwa, zimelala sawa na nyingine. Mchungaji akatoka ofisini kwake. Alisikiliza yote akiwa amekunja mikono.

"Mama, mi nakuhurumia sana," akamwambia. "Lakini hii sakafu ni ya kanisa yote. Siwezi kuikata miye peke. Tutaongea na watu siku ya Yenga."

Yenga ni Jumapili. Jjajja akasema kale, na tukapanda tena. Njiani akaniuliza upya habari za mume wangu, na kwa kuwa nilikuwa nimeshikwa na uongo mmoja asubuhi hiyohiyo sikuwa na nguvu za mwingine. Nikamwambia alichukuliwa na watu wenye bunduki.

"Miaka ngapi?"

"Tisa."

"Tisa ni kidogo," akasema, akaendelea kupanda.

Jumapili baada ya ibada watu walibaki. Mchungaji alieleza. Nilijua nani angesimama kwanza, akasimama: mwanamke wa kwaya, sauti ya kwanza, ambaye nyumba yao ilichomwa na watoto wawili wakiwa ndani.

"Siye tulikimbia wanajeshi," akasema. "Tulilala mu pori juu yao. Leo tukate nyumba ya Mungu juu ya mwanajeshi? Wa nchi yenye si yetu?"

Kila mtu mle ndani ana la kwake. Kusema kweli nilikubaliana naye. Lakini nikasimama. Nikasema kwamba ninaposimama mimi kila Jumapili ni safu ya tatu, upande wa dirishani, na chini ya miguu yangu yumo yeye. Wakate hapo. Mimi nitasimama kwenye saruji.

"Juu ya nini wewe?" akauliza yule wa kwaya, yaani kwa sababu gani.

"Juu nilimuahidi."

Walijadili mpaka njaa ikawauma. Mwisho mchungaji akasema sawa, ila nikate mwenyewe, yeye mashine haishiki.

Nilikata Jumatatu kwa grinda na maji, kipande cha ukubwa wa sinia. Kukikata ni rahisi, kukiinua ndiyo kazi. Pembe moja ilipasuka na nikatukana kanisani, Mungu anisamehe. Jjajja aliketi kwenye kiti cha plastiki akitazama. Nilipokifuta, nikaona jambo ambalo nilipaswa kulisema kabla. Katika kile kipande hakuwa peke yake. Kulikuwa na chenga za kaburi la mwalimu mmoja wa Kansanga, za meza za jikoni, na moja ya kijani ya ngazi za hoteli. Nikamwambia.

Akakitazama sana. "Wamekaa na yeye," akasema. "Si mbaya. Alipenda watu."

Akamfunga kwenye lubugo, yeye na bintiye, ncha kwa ncha. Bintiye hakuwa ananisalimu bado, lakini alinipa ncha moja niishike.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, kijijini kwao, kwenye shamba la migomba, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Nilikwenda na mchungaji. Yule mwanamke wa kwaya naye akaja, hakusema kwa nini, akaketi nyuma ya gari akitazama nje safari nzima. Kaburi lilikuwa limechimbwa refu, la mtu mzima, kando ya baba. Kile kifurushi kikashushwa na wanaume wanne ingawa mmoja angetosha. Wazee waliofukuzwa miaka ile, wale waliokuwa hai, walisimama mbele wamevaa kanzu. Wakati wa kuimba, wenyeji waliimba kwa Kiganda, kisha mwanamke wetu wa kwaya akaanzisha wimbo wa msiba wa kwetu, sauti ya kwanza, peke yake mpaka mchungaji alipomfuata.

Jjajja alitupa udongo wake. Sikuona machozi. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mtungi, na nikamwonea wivu, sioni sababu ya kulificha. Akainama tena, akachota konzi nyingine, akaja mpaka niliposimama. Akauweka ule udongo mkononi mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Hii si ya mutoto yangu," akasema. "Hii ya bwana yako. Kabuli iko wazi. Weka."

Watu walinitazama. Mchungaji alitikisa kichwa kukubali. Ulikuwa udongo mwekundu, wa baridi, na ulikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Nikafika ukingoni. Mimi niliyemwita mbishi, niliyedhani mtu analia mara moja akamaliza, nikasimama pale na mkono umefungwa.

"Hapana, Jjajja," nikasema. "Wangu atarudi."

Mchungaji akainamisha macho, na binti wa Jjajja pia. Jjajja hakuinamisha.

"Kale," akasema. Akaufungua mkono wangu kidole kimoja kimoja, akautoa udongo wote, akaumwaga juu ya mwanawe.